Geji ya Gari Dogo Kwenye Lori la Mjomba Kombo

Tangu nirudi mnaniuliza habari za safari ya Kojani, na kila mkiniuliza mimi hucheka na kutazama chini, kwa sababu mnaniuliza mkiwa wengi. Nimeona bora niandike. Niliishia darasa la saba na mkono wangu hauna mbio, lakini karatasi hainikatizi maneno. Mambo ya kupanga safari na kufunga mizigo nayaruka. Naanza na lori lenyewe.

Mkoani mpaka Mtambile

Lori la mjomba Kombo ni la zamani, na geji yake ya joto ilikufa kabla mimi sijaanza kufanya naye kazi. Mjomba alikuwa akipima joto la injini kwa mkono. Husimama, hufunua, hugusa mpira wa rejeta, hurudi kwenye usukani. Kwa upimaji huo injini ilimchemkia mara mbili, na mara zote mbili silinda hedi, kile kifuniko cha chuma cha injini, ilipinda ikabidi ipelekwe kusawazishwa. Mara ya pili fundi Haji wa Mkoani alimwambia mbele yangu:

"Kombo, chuma hiki sasa kimebaki chembamba kama karatasi. Kikipinda tena hakuna cha kusawazisha. Lori utaliuza kwa kilo."

Nyumba yetu yote, mama yangu na wanawe, mke wa mjomba na wanawe, inakula kwa lori lile. Mjomba alikwenda akakaa peke yake kwenye kibaraza cha fundi mpaka adhana.

Ndipo binamu yangu alipotuletea geji mpya kutoka Dar. Ilikuwa nzuri, uso mweusi na mshale mwekundu, lakini ni ya magari madogo, na nyuma imeandikwa volti kumi na mbili. Lori letu lina betri mbili. Kila moja ni ya kumi na mbili, zimeungwa moja baada ya nyingine, na kwa pamoja zinatoa ishirini na nne. Geji ile ukiipa ishirini na nne inaungua. Fundi Haji akanionesha njia. Nilivuta waya kutoka pale betri ya chini inapoungana na mwenzake, ambapo umeme bado ni wa betri moja tu. Nikatia fyuzi, nikafunga kwenye injini sensa iliyokuja na geji, ile inayohisi joto, na mshale ukaamka. Mjomba alicheka peke yake kama mtoto.

"Hii ni dawa ya kungojea dawa," fundi Haji akaniambia. "Kipo kiboksi cha kushusha volti, siku ukikipata kifunge. Mpaka siku hiyo, waya huu ni wa geji peke yake. Geji inakula tone. Ukiutundikia kitu kingine, betri hii ya chini itanyonywa peke yake, na mwenzake atalishwa mpaka atapike. Umefahamu?"

Nikasema nimefahamu.

Mzigo wetu wa safari hiyo ulikuwa vyombo vya bi harusi anayeolewa kisiwani Kojani: kitanda, godoro, masufuria, ndoo, mito, na wanawake wa upande wake waliokaa juu ya vyote hivyo. Shangazi yake, Bi Raya, alikaa mbele pamoja nasi kwa sababu ya cheo chake. Bibi yake, Bi Time, alikataa kukaa mbele. Alikuwa na kapu la mayai ya kuku wake mwenyewe, kayalaza ndani ya pumba za mpunga, na alisema mbele kuna joto, mayai yatakuwa vifaranga kabla ya kufika Chake Chake. Basi alikaa nyuma, karibu na kibini cha dereva, kapu mapajani.

Mtambile tulisimama kunywa chai na muhogo wa nazi. Mjomba alikuwa bado hajachoka kusifu geji. "Kijana huyu kafunga mwenyewe," alimwambia Bi Raya. "Hapo unapopaona pana umeme wa kumi na mbili, kama wa gari dogo."

"Wa gari dogo?" Bi Raya akafungua mkoba. "Basi mimi ninayo chaja ya gari ya mwanangu. Simu yangu imekufa tangu alfajiri, na wa Kojani wananitafuta. Nitilie, mwanangu, Mungu akupe kheri."

Nilitaka kusema maneno ya fundi Haji. Kwetu mtu hamwambii mtu mzima hapana. Humwambia inshaallah, kisha hujificha. Mimi hata inshaallah haikutoka. Nikamtazama mjomba, mjomba akasema, "Mtilie, simu kitu gani?" Nami nikajiambia hivyo hivyo, simu kitu gani. Nikaiunga. Mshale haukutikisika.

Tatizo ni kwamba wanawake wa nyuma waliona. Kabla hatujaondoka mikono ilikuwa inaingia dirishani, kila mkono na simu yake. "Ikijaa ya Bi Raya tia yangu." "Yangu haili sana, mwaya, ni ndogo."

Mtambile mpaka Wesha

Njia ya Mtambile mpaka Chake ilikwenda salama. Mshale ulipanda kidogo kwenye vilima na kushuka kwenye mabonde, kama inavyotakiwa, na mjomba kila ulipopanda alikuwa akisema, "Umeona? Inapanda," na ulipoteremka, "Umeona?" Bi Raya alijibu "Nimeona" mpaka akachoka, akalala.

Kutoka Chake tuliteremka Wesha kuchukua kabati la bi harusi lililokuja kwa boti kutoka Unguja. Boti ilikuwa imefika, kabati lilikuwa ndani, lakini juu ya kabati palikuwa na saruji ya mtu mwingine, na mwenye saruji hakuwapo. Tukangoja. Wanawake walishuka, wakanunua pweza wa kukaanga na ndimu, wakala wamesimama. Mimi niliambiwa nikae juu ya kitanda nilinde vyombo, na nilikuwa nimevaa shati jeupe alilonipigia pasi mama.

Ndipo akaja mchukuzi mmoja wa bandarini, mtu mkubwa, akanisalimia kwa adabu sana. Aliniuliza hali, akaniuliza wazee, akaniombea kizazi chema. Nilijibu amin kwa sababu sikujua nijibu nini. Kisha akasema, "Basi bwana harusi, samahani, shuka kidogo tuangalie kabati litakaa wapi."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha pweza. Sikuweza kumwambia si mimi. Nilishuka tu. Tangu hapo jina langu la Faki likafa, nikawa Bwana Harusi mpaka Kojani.

Bi Raya alipoona kungoja kumekuwa kurefu alitoa kilichokuwa kimefungwa ndani ya kanga tangu Mkoani. Ilikuwa redio ya gari, na amplifaya, na spika mbili kubwa. Ni vyombo vya kikundi chao cha harusi, huvipiga kwa betri.

"Betri yetu nimeiacha," alisema. "Lakini ninyi si mna kumi na mbili?"

Safari hii nilifungua mdomo. "Bi Raya, fundi alisema waya ule…"

"Alisema nini, baba?"

Wote walinigeukia. Wanawake, mchukuzi, mjomba. Masikio yakaniwaka moto.

"Alisema… uwe na fyuzi."

"Si unayo?"

"Ninayo."

"Basi!"

Fyuzi niliyokuwa nimetia ilikuwa ndogo, ya geji. Redio iliikata mara moja. Nikashukuru Mungu moyoni, lakini mjomba alikuwa na nyingine kubwa kwenye kiboksi cha vifaa, akanipa mwenyewe. "Wafurahishe watu, Faki. Hii ni harusi." Nikaifunga. Taarabu ikapiga Wesha nzima, injini imezimwa, na tulikaa pale mpaka mwenye saruji akaonekana anakuja polepole anakula embe.

Kutoka Wesha mpaka Ole

Lori lilipowashwa, starta ilikohoa kama mzee, ndipo ikashika. Mjomba alisema ni joto. Mimi nilitazama geji. Mshale ulikuwa unacheza. Ngoma ikipiga, mshale unashuka. Ngoma ikinyamaza, unapanda. Mjomba alifurahi kuliko mwanzo.

"Tazama, Bi Raya! Hata geji ina harusi."

Bi Raya alipiga makofi kufuata mshale. Nami nilicheka pamoja nao, lakini macho sikuyatoa kwenye geji.

Tulipopita Chake kuelekea Ole harufu ilianza. Harufu ya yai lililooza, si kali, inakuja na kuondoka kwa upepo. Wa mbele hatukuisikia sana. Wa nyuma ndio iliowapata, na hasa waliokaa karibu na Bi Time. Niliwasikia kupitia kidirisha cha nyuma ya kibini.

"Jamani, leo kuna mtu kala nini?"

"Mimi nimekula pweza tu, usinitazame."

"Pweza wa Wesha hanuki hivi."

Hakuna aliyesema neno mayai. Bi Time ni mtu mzima, na zawadi ya bibi haisemwi. Lakini mmoja alijifunika pua kwa ukaya wake wa kichwani, mwingine akasema anataka kuhama upande ule kwa sababu ya jua, na jua halikuwa upande ule. Nikamwona Bi Time anainama, ananusa kapu lake polepole, kisha analifunika kwa kanga yake na kulikumbatia. Alilikumbatia hivyo mpaka Ole.

Ole tulisimama kwa sala ya adhuhuri. Mjomba hakuzima injini, aliogopa kikohozi kile. Watu waliporudi kutoka msikitini na wanawake walipokuwa wananawa uso, Bi Time aliomba kikombe kwa muuza chai wa pale. Akasimama katikati ya wenziwe. Ni mwanamke mfupi, mkavu, na sauti yake haina nguvu.

"Mayai haya nimeyaokota mimi," alisema. "Kila siku moja, siku nyingine mawili, nayaweka chini ya kitanda penye baridi. Mjukuu wangu hana mama. Nimesema asiende kwa watu mikono mitupu kwa upande wangu. Sasa nyote mwaninusa njia nzima."

"Bibi, hakuna aliyesema…"

"Hamkusema. Mmehama."

Akachukua yai, akalipasua kwenye ukingo wa kikombe. Ute ukateremka mzima, na kiini cha manjano kikakaa katikati bila kuvunjika. Akamsogezea Bi Raya puani. "Nusa." Bi Raya akanusa. Akawasogezea wengine, mmoja mmoja, kama mtu anayegawa dawa. "Nusa. Nusa na wewe." Walinusa wote. Wengine walitazama chini. Bi Raya akasema, "Tusamehe, mama," na Bi Time akajibu, "Samahani naipokea, lakini yai limekwisha pasuka," akampa muuza chai amkaangie.

Alilila na kachori, amekaa upande wake. Nami nilinunua chapati nikashindwa kuila. Kama si mayai, ni nini kilichokuwa kinanuka?

Ole mpaka kilimani

Tuliondoka na taarabu kwa sauti ndogo, kwa heshima ya Bi Time, kisha kubwa tena kwa sababu ya mazoea. Bahari ilikuwa inakupwa kule bandari ya kuvukia, Bi Raya alisema, na mashua za Kojani hazitaweza kusogea karibu. Mjomba akaongeza mwendo.

Baada ya Ole barabara inapanda na kushuka. Tulifika kwenye kilima kirefu, lori limejaa kabati na watu, mjomba akashusha gia, injini ikanguruma. Nikatazama geji. Mshale ulikuwa chini. Haukuwa katikati, ulikuwa chini kama asubuhi injini ikiwa baridi.

"Safi kabisa," mjomba alisema. "Kilima hiki ndicho kilichonichemshia mara ya kwanza. Leo, alhamdulillahi, mshale umelala."

Nikafikiri. Mkoani mpaka Chake mshale ulipanda kwenye vilima. Sasa tuna mzigo zaidi, jua ni kali zaidi, na mshale umelala. Nikakumbuka jinsi ulivyokuwa unashuka ngoma ikipiga. Ngoma ikila umeme mshale unashuka. Kwa hiyo umeme ukiisha kabisa, mshale utalala hata injini ikiwa moto. Na mayai ya Bi Time hayakuwa na neno. Kinachonuka yai bovu ni betri inayochemka tindikali. Mwenzake atalishwa mpaka atapike. Betri zetu zimekaa ubavuni nyuma ya kibini, chini kabisa ya pale alipokaa Bi Time.

"Mjomba, simama," nilisema.

Redio ilikuwa inapiga. Hakusikia. Nikasema tena, naye akaitikia, "Eeh, inapanda vizuri."

Nikaona kusema hakunifai. Nikainama nikaunyofoa waya wa redio.

Kimya kikaingia ghafla, nyuma wakapiga kelele, "Bwana Harusi katuzimia!" Bi Raya akaanza, "We mtoto…" Nikasema, na sauti yangu sikuijua, "Simama mjomba! Linachemka! Geji inasema uongo!"

"Mshale uko chini, Faki."

"Uko chini kilimani, mjomba. Na mzigo huu."

Akanitazama mara moja. Kisha akatazama mshale, na nikaona uso wake unavyobadilika. Tulikuwa karibu na kilele. Alilisogeza mpaka juu penye usawa, akazima.

Mvuke ulitoka mbele na pembeni, mweupe, na sauti kama sufuria ya wali inayomwagika. Mjomba hakushuka. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili. Wanawake waliruka chini wote isipokuwa Bi Time, aliyeteremshwa na kapu lake.

Watu wa nyumba za jirani walikuja na ndoo za maji kabla hatujaomba. Kijana mmoja alitaka kumwaga juu ya injini pale pale, nikamzuia kwa mkono. Chuma cha moto kikipata maji baridi hupasuka. Tukangoja. Walituletea madafu na wali wa jana wenye sukari. Hakuna aliyeuliza sisi ni nani mpaka tulipomaliza kula.

Nilifungua boksi la betri. Ya chini ilikuwa imepoa kama jiwe la kisimani. Ya juu huwezi kuigusa, inatoka povu, na harufu ile ikatoka yote kwa pamoja. Wanawake walirudi nyuma. Bi Time alikuwa ndiye pekee aliyesogea mbele. Akanusa, akatikisa kichwa kuridhika.

"Kumbe ni huyu," alisema. "Hebu njooni mmuombe radhi na huyu."

Walicheka, na Bi Raya akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaja kwangu. "Ni redio yangu?"

"Ni redio na simu, Bi Raya."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

Bi Raya mwenyewe akavikusanya vyombo vyake akavifunga ndani ya kanga, akarudisha simu kwa wenyewe.

Betri ya juu ilipopoa nilizibadilisha mahali. Ile iliyoshiba nikaiweka chini ambapo geji inakula, na ile yenye njaa nikaiweka juu. Mjomba alikuja kusimama nyuma yangu, akauliza kama sasa itasema kweli. Nikamwambia si kweli kabisa. Inaweza kusema moto zaidi ya ulivyo. Ikitudanganya, itudanganye kwa kututisha. Akasema, "Vyema."

Injini ilipokuwa baridi tulitia maji kidogo kidogo. Starta haikuwa na nguvu ya kukohoa hata mara moja. Ilibidi tutumie mteremko wa mbele. Wanawake walitembea kwa miguu, wanaume wa pale walisukuma mpaka lori likaanza kuserereka lenyewe, mjomba akaachia klachi katikati ya mteremko. Liliruka, likanguruma, likashika. Hakusimama mpaka bondeni, na tulimkuta huko tukiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Bandari ya kuvukia Kojani

Njia iliyobaki tuliimaliza bila redio. Wanawake waliimba kwa midomo, na mshale ukakaa juu kidogo ya katikati, ukitutisha kama nilivyotaka. Mjomba hakusema tena "Umeona?"

Mashua zilikuwa zinangoja, zimesogea mbali kwa sababu ya maji kupwa, na vijana wa Kojani walikuja mpaka kiunoni kubeba kitanda na kabati juu ya vichwa. Bi Time alibebwa mgongoni, kapu lake ameliinua juu kwa mkono mmoja. Vigelegele vilipigwa majini na nchi kavu.

Mimi na mjomba tulibaki na lori. Injini ilizimwa ikapoa. Mlio wake ulikuwa mzuri njia nzima, lakini mlio si ushahidi. Kama hedi imepinda, maji huingia kwenye oili, na oili hugeuka rangi, inakuwa kama chai ya maziwa. Mara zile mbili ndivyo mjomba alivyojua. Alifungua boneti, akasimama, akanyoosha mkono kwenye kijiti cha kupimia oili, kisha akaurudisha.

"Chomoa wewe," alisema, akageukia upande wa bahari.

Nilichomoa. Nikakifuta kwa upindo wa shati jeupe, nikakirudisha mpaka mwisho, nikakichomoa tena. Nikakitazama kwenye mwanga.

"Nyeusi, mjomba."

"Tazama vizuri."

Nikaipaka kwenye kiganja, nikaisugua kwa kidole. Hapakuwa na weupe wowote.

"Nyeusi kabisa. Haina maji."

Hakugeuka. Alijishusha akakaa chini, mgongo kwenye gurudumu la mbele, akavua kofia akajifunika uso nayo. Nilikaa karibu yake. Baada ya muda akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akaliwekea kiganja gurudumu lile, taratibu, kama unavyomgusa mgonjwa aliyelala baada ya homa kumwachia.